Kampuni na Haki ya Raia

Askari wa doria usiku katika mtaa wa Muhima, Kigali, ni raia kamili. Lakini Katiba ya Rwanda inamkataza kujiunga na chama cha siasa, maana mwenye bunduki hafai kuwa na upande. Je, kampuni ambayo silaha yake ni fedha, ipewe uhuru aliokatazwa askari huyo?

Marekani, mwaka 2010, Mahakama ya Juu iliyaruhusu makampuni kutumia fedha bila kikomo kuwapigia debe wagombea. Kigali swali hilo lilikwisha kujibiwa kwa damu. Tarehe 8 Aprili 1993 watu 50 walitia sahihi hati ya kampuni ya hisa iitwayo RTLM. Hisa moja ilikuwa faranga 5,000. Aliyemiliki nyingi kupita wote ni Rais Habyarimana. Kampuni iliiahidi serikali kwa mkataba kwamba haitachochea chuki. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaita wakuu wake mara mbili akawaonya; hawakusikia. Tarehe 7 Aprili 1994 Rucogoza aliuawa, na redio ikaendelea kutangaza.

Wako wasemao kuwa kampuni isiyo na haki itanyang'anywa mitambo na mtawala yeyote. Hoja hiyo ina uzito: mali yake ilindwe, na ikishtakiwa isikilizwe. Bali siasa ni jambo jingine. Desemba 2003, huko Arusha, waliohukumiwa ni watu, wakiwemo waanzilishi wake Nahimana na Barayagwiza. Kampuni yenyewe haikupanda kizimbani, wala haina mikono ya kutiwa pingu.