Shule Rafiki za Ng'ambo: Mwanafunzi Anapata Nini?

Jimbo Katoliki la Mbinga, mkoani Ruvuma, lina uhusiano wa kindugu na Jimbo la Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1989. Kabla ya hapo, mwaka 1966, mji huo wa Würzburg ulikwisha kufunga urafiki na Mwanza. Katika mahusiano ya namna hii huzaliwa urafiki wa shule kwa shule, nasi tunapenda kuuliza, pasipo kumkwaza yeyote, mwanafunzi mwenyewe anapata nini.

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni madawati, kisima, umeme wa jua. Hatuyadharau hata kidogo, kwa maana mtoto mwenye kiu hasomi. Lakini ikiwa urafiki unaishia hapo, huo ni ufadhili, na uitwe kwa jina lake. Palipo na rafiki, kila upande una cha kutoa.

Na watoto wetu wanacho. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama katika Makumbusho ya Maji Maji, Songea, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wetu, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Miezi michache baadaye, Januari 2024, mitaala mipya ilianza kutumika nchini ikiwa na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sasa tufikirie mwanafunzi wa Ruvuma na mwenzake wa Bavaria wakisoma habari za vita vile kwa pamoja, kila mmoja akieleza kitabu chake cha shule kinasema nini, na kinanyamazia nini. Huyu wa kwetu anaweza kumwendea babu yake akamwuliza. Yule wa kule hana wa kumwuliza. Hapo mtoto wa Ruvuma anakuwa mwalimu. Kiingereza alichokuwa akikiogopa darasani anakitumia kwa sababu ana neno la kusema, na kujiamini huko hakuletwi na kontena lolote.

Tukubali kwamba milango haifunguki sawasawa. Mgeni wa Ujerumani huomba viza yetu kwa mtandao akiwa sebuleni kwake. Mwanafunzi wetu hudaiwa uthibitisho kwamba atarudi kwao, na ada ya viza ya Schengen kwa watu wazima ilipanda Juni 2024 kutoka Euro 80 hadi 90, nauli bado. Ndiyo maana wageni huja kuliko sisi tunavyokwenda. Simu ya video si sawa na safari, ila saa tatu asubuhi kwao, wakati wa baridi, ni saa tano kwetu. Vipindi vinaweza kukutana.

Kwa upande wa maendeleo ya shule, udhaifu mkubwa ni kwamba urafiki huwa mali ya mtu mmoja. Mkuu wa shule akihamishwa, barua hazijibiwi tena, nao wenzetu hudhani tumewachoka. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe na kushikwa na bodi ya shule, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wazazi, na picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya wazazi wao. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Gravissimum Educationis la mwaka 1965, walifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Inashangaza basi kuona wazazi wakiitwa shuleni siku ya wageni ili wapige vigelegele tu.

Katika kikao kijacho, mzazi ambaye shule ya mwanawe ina rafiki ng'ambo anaweza kuomba mambo mawili: aonyeshwe makubaliano yenyewe, na asomewe walau barua moja iliyoandikwa na wanafunzi.