Chukua tepi kwanza, printa baadaye

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee kuhusu magari. Si yale ya barabarani, bali yale ya milimita hamsini yanayosimama kando ya reli ya mfano, ile reli ndogo unayoijenga juu ya meza pamoja na stesheni yake, maduka yake na watu wake. Wengi wetu tunaopenda kazi hii humaliza pesa na macho kwenye treni, halafu tunajaza barabara kwa gari lolote la plastiki tulilopata. Kwa maoni yangu huko ni kuharibu kazi. Injini ya treni hukaa miaka mingi bila kubadilika sana. Gari ndilo linalosema huu ni mwaka gani na hapa ni wapi.

Chukua mfano wa reli yetu ya zamani, Mombasa hadi Nairobi. Ukitaka kuonyesha zile Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, ujue kwamba ziliondolewa kazini kufikia mwaka 1980 hivi. Sasa ukiweka kwenye kivuko cha reli matatu yenye mstari wa manjano, umekosea kwa zaidi ya miaka ishirini, maana mstari huo ulikuja na kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Hata namba ya gari ni ushahidi: zile zenye herufi ya ziada mwishoni, zilizoanza na KAA, zilikuja mwaka 1989. Kilichofaa hapo ni pikapu ya Peugeot 404 yenye kibanda cha bati nyuma, abiria wamebanana na makanga ananing'inia mlangoni.

Kisha kuna skeli. Inayotumika zaidi ni 1:87, iitwayo HO. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwa 1:87 inatakiwa mm 11.5, na reli za mm 12 zinazouzwa zinatosha kabisa. Peugeot 404 ya kawaida ilikuwa na urefu wa karibu mita 4.44, yaani mm 51 kwenye modeli. Lakini vile vigari vya chuma vya kuchezea vya supamaketi kwa kawaida ni 1:64 hivi, na 404 ya kipimo hicho ingekuwa mm 69. Ukiisimamisha kando ya behewa, behewa lote linaonekana limenywea. Hakuna rangi itakayoficha hilo.

Najua wasomaji wa hapa mtasema, "Si kuna printa ya 3D? Chora, chapisha, maliza." Hebu tupige hesabu. Kwa 1:87, milimita moja ya modeli ni sm 8.7 za gari halisi. Mdomo wa kawaida wa printa ya uzi wa plastiki ni mm 0.4, sawa na sm 3.5 hivi. Huwezi kutoa nao kishikio cha mlango wala fimbo ya kioo cha kando. Printa za resini hufanya vizuri zaidi, lakini hata hizo, ukipunguza kila kitu sawasawa, bati la mm 1 linakuwa mm 0.011 na halichapishiki. Lazima uchague cha kukuza na cha kuacha. Wipa na vishikio navipaka rangi tu. Haya matatu siyaachi:

1. Mkao. Gari lililobeba huinama nyuma.
2. Madirisha. Nguzo nene za kioo hugeuza modeli kuwa toi papo hapo.
3. Vumbi. Paka vanishi isiyong'aa, halafu chaki nyekundu iliyosagwa, ukianzia chini kwenye magurudumu.

Lakini yote haya yanategemea kitu ambacho printa haina: vipimo. Gari la kiwandani unaweza kupata michoro yake. Kile kibanda cha bati je? Kiliundwa na fundi wa jua kali, kila karakana kwa mtindo wake, bila mchoro wowote. Vilivyobaki vinaozea nyuma ya magereji na kukatwa viuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Vikiisha, hakuna kiwanda cha Ujerumani kitakachotukumbusha benchi lilikuwa na upana gani. Na kupaka van ya Ulaya rangi ya matatu si kuhifadhi historia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwetu sisi tunaoandika programu. Hifadhi vipimo vya gari halisi kwa milimita, kwenye faili la maandishi ya kawaida, na skeli iwe namba moja tu inayobadilishwa mwishoni. Unene wa kuta uwe namba ya peke yake, kwa sababu ukuta wa mm 0.6 kwenye HO ukipunguzwa hadi 1:160 unabaki mm 0.33 na utavunjika mkononi. Andika pia kipi ulipima na kipi ulikisia kutoka kwenye picha.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Sawa, lakini klabu ya reli ya mfano ya chuo cha MIT ilianzishwa mwaka 1946, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya wanachama wake walikuwa wakikesha na tarakilishi ya TX-0 wakijifunza kuandika programu. Kazi yetu na reli hizi ni ndugu wa siku nyingi.

Haya basi. Ukiona 404 kuukuu nyuma ya gereji, omba ruhusa kwa mwenyewe, pima, piga picha ukiwa umeweka rula kando, kisha toa faili hilo bure kwa wote. Printa itakungoja. Mkata vyuma hakungoji.