Nani Kachelewa?

Katika semina za saratani kuna sentensi moja ninayoichukia kuliko zote: "Wagonjwa wetu wanachelewa kufika hospitali." Husemwa kwa upole, mbele ya chupa za maji, na ukumbi mzima huitikia kwa kichwa.

Jirani yangu wa biashara, mama lishe wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hakuchelewa. Uvimbe kwenye shavu la mwanawe ulikuwa kama punje ya kunde alipompeleka duka la dawa. Akapewa antibayotiki. Wiki ya tatu akaenda zahanati, akaambiwa ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki. Zahanati nyingine ikasema tezi, ikatoa vidonge vingine. Mganga wa mitishamba, ambaye najua mnasubiri nimtaje ili mumlaumu, alikuwa wa nne, na ndiye pekee aliyemwambia, "Hii kazi si yangu, mwanangu. Nenda Muhimbili." Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili ni mwendo wa miguu. Yeye ulimchukua miezi mitano.

Ilikuwa rabdomiosakoma, saratani adimu ya tishu laini. Huanzia kwenye seli ambazo zingekuwa misuli, na kwa watoto hupenda sana kichwa na shingo. Simtarajii muuza dawa alijue jina hilo. Hata bingwa hawezi kuwa na hakika kwa kutazama shavu tu. Limfoma ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliiandika mwaka 1958 nayo huvimbisha taya la mtoto, lakini tiba yake ni dawa, si kisu. Rabdomiosakoma hutaka dripu za dawa kwa miezi mingi, pamoja na upasuaji au mionzi, au vyote viwili. Kinachozitenganisha ni kinyama kilichokatwa, kikatiwa kwenye formalini, kikasomwa kwa hadubini.

Basi ninachodai ni kidogo. Uvimbe usiopungua kwa wiki mbili, anayeuona aandike rufaa ya kuchukua kinyama. Asiandike dozi ya pili. Asing'oe jino zima.

Muhimbili, watoto wenye saratani hutibiwa bure, kwa msaada wa Tumaini la Maisha. Mama yule alifika huko mtaji umekwisha. Ulishalipia antibayotiki, jino na vidonge vya tezi. Mtoto yuko kwenye mzunguko wa sita wa dawa. Siku za dripu, meza yake pale Kongo huwa tupu, na wapagazi hula kwingine.