Kopo la Oili Kwenye Injini: Tufunge au Tuache?

Haya, leo tarakilishi tuiweke kando kidogo tuongee gari. Usinikimbie, nitarudi kwenye msimbo kabla sijamaliza.

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu gereji kubadilisha oili. Ni Fielder ya kawaida tu, injini ya 1NZ-FE, ile ile iliyo kwenye Probox nyingi unazoziona zikikupita huku zimejaa mizigo mpaka dirishani. Fundi akachomoa mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye injini, akapitisha kidole ndani, akanionyesha. Kidole kimelowa oili. “Bosi, hii injini inatapika. Tufunge kechi-keni, mambo yaishe.” Kopo pamoja na kazi, shilingi 9,500. Nikamwambia anipe siku mbili.

Kilichonisumbua si pesa peke yake. Kazi yangu ni kuandika programu, na mtu akitaka kuniongezea kitu kwenye mfumo kabla hajaniambia kilichoharibika, mimi husita. Fundi hakusema kwa nini oili ilifika pale. Alisema tu kwamba kuna kopo la kuinasa.

Basi tuanze na hiyo kwa nini. Petroli inapowaka ndani ya silinda, nguvu nyingi husukuma pistoni, lakini gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka chini inakozunguka krankshafti. Hakuna injini isiyopenyesha hivyo, hata ikiwa mpya. Kule chini gesi hiyo huchanganyika na matone madogo ya oili na mvuke wa maji. Isipotolewa, shinikizo hupanda, na shinikizo likipanda hujitafutia mlango: sili zinaanza kuvuja, gasketi zinalia oili. Zamani ilitolewa kwa bomba lililotazama barabarani, moshi ukaenda zake hewani. Mwaka 1961, jimbo la California kule Marekani likataka moshi huo urudishwe ndani ya injini ukachomwe. Njia ya kuurudisha hupita kwenye vali ndogo iitwayo PCV, na leo karibu kila gari la petroli lina mpango wa namna hiyo.

Kopo lenyewe hufungwa kwenye mpira unaotoka kwa PCV kwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ndani yake huwa na vizuizi au wavu. Mvuke ukigonga pale hupoa, oili na maji hudondoka chini, gesi ikaendelea na safari. Kwenye mashindano ya magari hiki ni kitu cha kawaida kabisa. Kanuni za FIA hudai kwamba injini inayopumulia nje iwe na kopo lisilopungua lita 2 ikiwa ukubwa wake hauzidi cc 2000, na lita 3 ikizidi, ili oili isimwagike njiani na anayekufuata akateleza. Kutoka huko likawafikia vijana wa Subaru zenye turbo, na sasa limebisha hodi kwa Fielder yangu.

Je, lina faida? Jibu linategemea swali moja: petroli ya injini yako hunyunyizwa wapi?

Kwenye injini kama yangu petroli hunyunyizwa nje ya silinda, mbele ya vali za kuingizia hewa. Petroli husafisha, kwa hivyo oili kidogo inayopita pale huoshwa kila wakati. Kwenye injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, vali hizo hazioshwi na chochote. Ule mvuke wa oili hutua juu ya chuma cha moto, ukakauka, ukawa masizi magumu. Yakikua, hewa hupita kwa taabu, gari hutetemeka likiwa limesimama, nguvu hupungua. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kukwangua, au kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa mpaka vali zing’ae. Hiyo si kazi ya bei ya chai.

Wakenya tulionjeshwa teknolojia hii mapema kupitia D4 ya Toyota, injini ya 1AZ-FSE iliyokuja kwenye Premio, Noah na Voxy za lita 2. Mpaka leo kuna mafundi ambao ukitaja D4 hufuta mikono na kukuelekeza kwa jirani. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8, magari yanayoshuka Mombasa sasa ni ya kizazi kipya, na mengi yana mfumo huo: Mazda za Skyactiv, Volkswagen za TSI na kadhalika. Toyota wenyewe, kwenye baadhi ya injini zao, waliamua kuweka nozeli za aina zote mbili, na mojawapo ya faida zake ni kwamba vali huoshwa. Kwa hivyo tatizo hili si hadithi ya wauza makopo. Lipo.

Lakini halikuwa tatizo langu.

Nilikwenda zangu Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan, nikanunua vali mpya ya PCV kwa chini ya shilingi 2,000. Ile ya zamani ilipotoka niliitikisa karibu na sikio. Nzima hulia tika-tika kwa sababu kuna kipande kinachocheza ndani. Yangu ilikuwa kimya kama bubu, imegandwa na uchafu. Hapo kila kitu kikaeleweka. Moshi ulipokosa njia yake ya kawaida ulirudi kinyumenyume kupitia mpira mwingine, ule unaoingiza hewa safi, ukatapika oili kwenye mpira mkubwa wa hewa. Sasa fikiria: kopo la fundi lingefungwa upande wa PCV, upande ambao hakuna kilichokuwa kinapita! Ningelipa shilingi 9,500, kopo likae kavu, mimi nijisifu kwamba injini yangu ni safi, huku shinikizo likiendelea kusukuma sili moja baada ya nyingine. Jumamosi iliyopita nilifungua tena ule mpira mkubwa niliokuwa nimeusafisha. Mkavu.

Hapa ndipo narudi kwenye msimbo. Katika Java na lugha nyingi za programu kuna amri mbili, try na catch. Unajaribu jambo, likiharibika unalinasa ili programu isianguke. Ni kifaa kizuri sana. Lakini mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kipande cha kupokea malipo ya simu, na kila hitilafu ilipotokea, catch yangu iliimeza kimya kimya. Hakuna kosa lililoonekana kwenye skrini, wakubwa wakafurahi, nami nikatembea kifua mbele. Mpaka siku mteja alipouliza zilipo pesa zake, tukagundua malipo kadhaa hayakuwa yameandikwa popote. Mimi ndiye niliyekaa siku mbili kuyatafuta moja baada ya jingine, na aibu juu. Tangu siku hiyo najua kwamba kunasa kosa na kulirekebisha ni mambo mawili tofauti.

Msimamo wangu basi ni huu. Ukiwa na injini inayonyunyiza petroli nje ya silinda, nayo ni ya kawaida isiyo na turbo, usinunue kopo. Badilisha PCV, safisha mipira, badilisha oili kwa wakati. Ikiwa bado inakula oili, tatizo liko kwenye ringi au sili za vali, na kopo halitazitibu.

Ukiwa na injini inayonyunyiza ndani ya silinda, hasa yenye turbo, na umepanga kukaa na gari miaka mingi, kopo zuri lina maana. Wenye Hilux na Prado za dizeli kule Australia huyafunga sana, kwa sababu kwenye dizeli masizi ya moshi wa ekzosi unaorudishwa ndani hukutana na oili yakawa tope zito. Hata hivyo usitarajie miujiza. Kopo hupunguza, halikomeshi. Oili nyingine hufika kwenye vali kupitia sili zake zenyewe, na hiyo kopo haliioni.

Najua kuna atakayeniambia kinga ni bora kuliko tiba, sasa ubaya wa kulifunga hata kama si lazima uko wapi? Ubaya upo. Kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuvuja. Mpira ukipasuka, injini huvuta hewa ambayo haikupimwa na sensa, mchanganyiko unaharibika, taa ya injini inawaka. Mpira wa bei rahisi hunywea kwa joto na kuziba njia, nawe umejitengenezea ugonjwa ule ule wa PCV mbovu. Kopo lisilo na wavu wala vizuizi ndani ni mkebe mtupu wenye rangi ya kupendeza. Na kuna wanaokata mpira na kuacha moshi utoke nje kabisa, ukawarudisha majirani zao wote nyuma ya mwaka 1961. Tafadhali usiwe mmoja wao.

Halafu kuna kumwaga. Kopo hujaa. Kipindi cha baridi cha Julai, ukiwa mtu wa safari fupi fupi za kwenda kazini na kurudi, maji huwa mengi humo na utakuta ute kama uji. Usiurudishe kwenye injini, ni oili iliyochanganyika na maji na petroli. Usiumwage mtaroni pia. Ukisahau kopo mpaka lifurike, siku moja injini itavuta oili yote kwa mkupuo. Aliyewahi kuamshwa saa nane usiku kwa sababu faili za kumbukumbu zimejaza diski ya seva ananielewa.

Fundi wangu nilimrudia na ile vali iliyokufa. Aliitikisa, akaitazama, akacheka. “Kumbe ni hii tu.” Si mtu mbaya, na mikono yake naiamini. Ila safari ijayo mtu akikushauri ufunge kopo, muulize kwanza oili inatoka wapi. Akikuonyesha, mlipe kwa moyo mweupe. Akikuonyesha kopo badala yake, chukua funguo zako uende Grogan.