Nyumbani Hakuna Ngazi ya Watoto Mia Tatu

"Mwalimu, wewe mfunze hesabu. Adabu nitamfunza mwenyewe."

Mama aliyeniambia hivyo kwenye mkutano wa wazazi alipigiwa makofi, na hata walimu wenzangu waliitikia kwa vichwa. Sote tumekua tukiambiwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndiyo maana mtoto akimkumba mwenzake kwenye korido, akimsukuma mdogo ngazini, au akipiga kelele nje ya darasa ambamo wengine wanasoma, tunauliza papo hapo: huyu amelelewa wapi?

Nasema swali hilo ni uonevu. Kwa mama yule ni vyumba viwili vya mabati na mlango mmoja unaotokea uani. Mtoto wake amelelewa vizuri. Huwaamkia wakubwa, huosha sahani yake, hukaa akiambiwa kaa. Lakini nyumbani ni nani angemfunza kushuka kutoka orofa ya juu pamoja na watoto mia tatu, kengele imelia, mikoba mgongoni, wa mbele ameinama kufunga kamba ya kiatu na wa nyuma hamwoni? Mama hana ngazi hiyo, wala hana watoto hao. Viko kwetu shuleni, na sisi ndio tulioamua wote watoke kwa kengele moja.

Jumatatu tarehe 3 Februari 2020, jioni, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega, Kenya, walikuwa wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Pakatokea msongamano, wakaangukiana. Watoto 14 walifariki, na wengine wengi wakajeruhiwa. Siandiki kumtafuta wa kulaumiwa. Ninachosema ni kwamba wale walikuwa watoto waliolelewa, waliotoka kwao asubuhi wakiwa wameogeshwa na kuvalishwa sare. Nani atathubutu kumwendea mzazi wa mmoja wao na methali ile mdomoni?

Fujo za korido na ngazi, wengine huzijibu kwa kiboko. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia, lakini bado wako walimu wa zamu wanaotuliza korido kwa fimbo. Hebu tazama fimbo inavyofanya kazi pale. Mwalimu anatokea upande huu, watoto wote wanatimka upande ule. Tulichotaka waache ni kukimbia, na kukimbia ndiko tunakowafunza. Juu ya ngazi, mbio hizo zinaweza kuua.

Kuna mwenzangu mmoja wa Gredi ya Nne aliyelishika jambo hili kama somo. Wiki ya kwanza ya muhula, madarasa mengine yakiwa yameketi, aliwapeleka watoto wake ngazini na kuwapanga, kila mmoja akishika chuma cha pembeni. Akamwambia mvulana mmoja ajifanye ameanguka. Aliye nyuma yake alitakiwa asimame, ainue mkono na kusema "Simama!", na neno hilo lipande kutoka mtoto hadi mtoto mpaka juu. Mara ya kwanza lilifia kwa mtoto wa tatu, na wa juu wakaendelea kushuka. Akawarudisha. Mara ya pili watu wakacheka. Akawarudisha tena, bila kugombeza. Mara ya sita neno lilipanda hadi mwisho, ngazi nzima ikatulia, na msichana aliyekuwa juu kabisa akauliza, "Mwalimu, nani ameanguka?"

Hakuwa amemwona aliyeanguka, na alikuwa amesimama. Sijui adabu kubwa kuliko hiyo: kusimama kwa ajili ya mtu usiyemwona.

Walifanya hivyo dakika kumi kila siku kwa wiki mbili. Hizo ni siku kumi za shule, jumla saa moja na dakika arubaini. Mwalimu anayeniambia silabasi haina nafasi, namwomba apige hesabu hiyo kabla hajanijibu. Kuhusu majengo, mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, na ni vyema ufuatwe. Ila mlango hata uwe mpana vipi hautamfunza mtoto la kufanya mwenzake anapoteleza mbele yake.

Wazazi, mkutano ujao msiishie kuuliza alama za mitihani. Ulizeni kengele ya jioni ikilia kama madarasa ya juu hutoka kwa zamu au yote kwa pamoja. Ulizeni ni mwalimu gani husimama pale ngazi inapokata kona, na mtoto wenu alifanyishwa zoezi la kushuka lini mara ya mwisho. Mkijibiwa kwamba hayo watoto wanayajua wenyewe, msikae chini.