Nani Kasema Temeke Haikuandikwa?

Kila ninapopokea kundi jipya la wanafunzi wa kozi ya kuusoma mji kwa kuutembelea, huwaambia wachague mtaa mmoja wa Kinondoni au Temeke na kuutafutia vyanzo kabla hatujapanda daladala. Siku mbili baadaye wanarudi na jibu lile lile: "Mwalimu, hakuna kitu." Wangepewa Bagamoyo au Mji Mkongwe, wanasema, daftari lingejaa. Huku Uswahilini watu wameishi tu, hakuna aliyewaandika.

Nimeyasikia maneno hayo hata kwa wasomi wenye mvi, na si ya kweli.

Chukua Sinza. Liandike jina hilo kwenye simu, zitakujia baa, nyumba za wageni na matangazo ya vyumba vya kupanga. Wengi huishia hapo. Kumbe Sinza na jirani yake Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Manzese ikaboreshwa chini ya mradi huo huo. Nyaraka za mkopo zinasomeka bure, kwenye simu ile ile. Ila hazimjii mtu asiyejua kwamba mtaa wake uliwahi kuwa mradi, na hilo simu haimwambii. Miguu ndiyo ingemwambia. Aliyeona njia za Sinza zilivyonyooka, kisha akaingia Manzese akajikuta anapita upenuni kwa watu huku akiomba radhi kwa waliokaa barazani, angejiuliza nani alipima huku na kwa nini kule hakupima. Akishakuwa na swali hilo, anajua atafute nini. Akizipata nyaraka, akumbuke pia kwamba mkopeshaji anapouandika mradi wake mwenyewe, kasoro ndogo hazitajwi.

Na si Benki peke yake. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliwachunguza wakazi Waafrika wa Dar es Salaam, wapangaji na wenye nyumba, kazi zao na makabila yao, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963. Ni hazina, mradi usisahau ni nani aliyekuwa akibisha hodi na kwa nini watu walichagua cha kumjibu. Tasnifu za Chuo Kikuu Ardhi kuhusu makazi holela ziko nyingi. Mkusanyo wa Afrika Mashariki upo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na Nyaraka za Taifa ziko Upanga.

Imani ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, maana huvaa suti: kwamba chenye mhuri wa serikali hakina haja ya kuhojiwa. Binti mmoja, hodari kweli kweli, aliniletea kazi yenye kichwa kinachosema watu wanaikimbia Kinondoni. Ushahidi wake ulikuwa sensa. Mwaka 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049, na mwaka 2022 ikawa na 982,328. Takwimu zote mbili ni sahihi, mpaka tarakimu ya mwisho. Aliyekosea ni yeye, kwa kudhani jina lile lile ni eneo lile lile. Katikati ya sensa hizo mbili Wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, ikaondoka na Sinza na Manzese, na mwaka 2022 ikahesabiwa watu 1,086,912. Warudishe, utapata zaidi ya milioni mbili. Temeke nayo ilimegwa Kigamboni, na msomaji wa haraka ataona imepungua kutoka 1,368,881 hadi 1,346,674. Tangu 2021 mambo yamezidi kuchanganya, kwani baada ya halmashauri ya jiji ya zamani kuvunjwa, "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Anayesoma ripoti ya Jiji akadhani Mbagala imo ndani, amepotea njia mchana kweupe.

Basi tuwaulize wazee? Tuwaulize, lakini nao tusiwafanye msahafu. Mzee mmoja wa Tandika, baada ya shikamoo na kikombe cha kahawa, alituambia alihamia pale mwaka wa vita vya Iddi Amini. Mkewe akacheka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na risiti ya kiwanja, imekatika kwenye mikunjo, ya mwaka 1975. Vita vilianza 1978. Wanafunzi wangu wakaanza kufuta. Nikawazuia, nikamwomba mzee aendelee. Kumbe alilipa mapema, akakaa miaka mitatu akitafuta mabati. Familia aliihamishia pale redio ikiwa inatangaza vita. Karatasi ilikuwa ya kulipa, habari za kuhamia alikuwa nazo yeye. Na habari za mabati hazimo kwenye risiti yoyote.

Mfano mkubwa zaidi wa mabishano haya, ya karatasi na kumbukumbu, unaanzia vitabuni na kuishia barabara ya Kilwa. Mwaka 1981 Chuo cha Chama, Kivukoni, kilitoa historia rasmi ya TANU, chama kilichopigania uhuru. Mwaka 1998 Mohamed Said akachapisha London kitabu kuhusu maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa chama hicho, akitumia nyaraka za familia hiyo, na kulalamika kwamba watu wengi wa Dar es Salaam waliokibeba chama wameachwa nje ya historia hiyo. Sikubaliani na kila anachohitimisha, na upande wake hakuuficha. Lakini vitabu hivyo viwili vikiwekwa meza moja, mwanafunzi anaanza kuona kila mwandishi amesimama wapi.

Kati ya waasisi wa TANU alikuwamo pia Dossa Aziz, na jina la baba yake huitwa kila siku kwenye barabara ya Kilwa. Safari yetu ya mwisho, mwanafunzi mmoja, daftari mkononi, alimuuliza konda Azizi Ali alikuwa nani.

"Ni kituo hicho, dada," konda akamjibu. "Unashuka, hushuki?"