Locust haina kosa, skripti ndiyo imekwama
Mwandishi wa makala kaeleza vizuri, ila pale anapodai Locust, zana ya kupima mzigo, haiwezi kuzibebesha seva za gRPC mzigo wa kutosha, kapitiwa. Locust huendesha watumiaji wake wa bandia kwa gevent, na maktaba ya gRPC ya Python imejengwa juu ya kiini cha C ambacho gevent haikioni. Ombi moja likisubiri jibu, watumiaji wote husimama. Seva inaonekana hodari kumbe haijaguswa. Dawa ni kuita init_gevent() kabla ya kufungua chaneli.

Na wanaoshangilia takwimu zao kwenye maoni hapo juu wakumbuke kwamba gRPC hutumia HTTP/2, hivyo maelfu ya maombi hupita kwenye muunganisho mmoja. Kisawazisha mzigo kinachogawa miunganisho tu huyapeleka yote kwenye seva moja, nyingine zikipiga miayo. Endesheni skripti kwa michakato kadhaa, kila mmoja na muunganisho wake, kisha ndipo mlete takwimu.